Dopla, Yagi au KrakenSDR: ipi itamnasa anayeziba chaneli yetu Kigoma?

Mzee wa Kipe: Wakuu, habari za majukumu. Tuna mitumbwi sita ya dagaa hapa Kibirizi, tunawasiliana kwa redio za VHF, leseni tunayo. Wiki ya tatu sasa, ikifika saa 3 usiku chaneli inajaa mvumo, hakuna anayesikika. Nimeazima Dopla (chombo kinachoonyesha mawimbi ya redio yanatoka upande gani) ya antena 4, nimeifunga juu ya pikapu. Nilimsimamisha kijana na redio mahali ninapopajua nikajipima: ufukweni ilikosea digrii 5, Mwanga kwenye mabati ikaruka hadi 40! Jamaa ananishawishi tuchange tununue KrakenSDR, kifaa kingine cha kutafuta mwelekeo. Italipa?

Fundi Waya: Mkuu, Dopla inawasha antena kwa zamu, kana kwamba antena moja inakimbia kwenye duara, halafu inasoma masafa (frequency) yanavyopanda na kushuka. Mawimbi yakigonga mabati yakarudi, yote inayachanganya na kukupa jibu moja la uongo. Kraken ina vipokezi 5 vinavyosikiliza kwa pamoja, tena inachora grafu; ukiona vilele viwili unashuku kuna mwangwi. Ila milima ya Kigoma haiiondoi.

Chaneli Kumi: Pesa yote hiyo ya nini? Yagi (antena unayoizungusha kwa mkono kutafuta upande wenye mawimbi makali) ya vijiti 3 unaunda kwa futi ya chuma na bomba la plastiki. Ni ya polepole, mkono utauma, lakini haidanganyi kirahisi. Ukikaribia redio ikazidiwa, sikiliza masafa mara 3, ambako ishara yake huvuja ikiwa dhaifu: kama mnatumia 152 MHz, weka 456.

Dada wa Gungu: Kaka, kipimo kimoja kimoja si ulinganisho. Chagua vituo kumi, vyombo vyote vipime redio ileile, andika makosa yote hata ya aibu. Digrii 5 kwa kilomita 5 ni kama mita 440, kwa hiyo pima Kibirizi na Ujiji, mistari ikatane. Halafu swali: huo mvumo, wewe wa nchi kavu unausikia?

Mzee wa Kipe: Mh. Hapana, wanalalamika walioko majini tu.

Dada wa Gungu: Na saa 3 ndiyo mnawasha taa za LED?

Fundi Waya: 😂 Naunga tela.

Mzee wa Kipe: Mrejesho. Jana usiku tulizima taa mtumbwi mmoja baada ya mwingine. Ule wenye taa mpya ulipozima, mvumo ukakata. Mtumbwi wenyewe ni wangu.