Hivi bunge la nchi nyingine likipitisha azimio kwamba serikali fulani inaonea watu wake, kinafuata nini?

FundiKopi_Dom ameandika:

Wakuu habari za jioni, wagogo wenzangu mbukwenyi.

Mimi nina steshenari ndogo hapa Dodoma mjini, kopi, kuprinti, kubaindi, na bunge la bajeti ndo kipindi chetu cha kupumua maana kuanzia Aprili mpaka Juni mwisho makaratasi yanakuja mpaka unakosa pa kuyaweka. Sasa juzi kaja dogo mmoja wa UDOM na flashi yake anataka kopi tatu za azimio la Bunge la Ulaya, lile la Septemba 2022 kuhusu bomba la mafuta la Hoima mpaka Chongoleani. Mashine yangu ikipata moto inameza karatasi, kwa hiyo kila moja inayokwama naifungulia mlango wa nyuma naivuta taratibu isichanike na kabla sijaiweka mezani nishaisoma nusu. Kumbe sisi na Uganda tumetajwa wote, na kampuni ya mafuta ya TotalEnergies wameambiwa wasubiri mwaka mzima kwanza waangalie kama bomba linaweza kupita njia nyingine!!

Nikabaki nacheka peke yangu maana shemeji yangu anaendesha tipa huko huko Kondoa bomba linakopita na hajawahi kulala nyumbani hata siku moja kwa sababu ya karatasi ya Ulaya.

Swali langu sasa. Wakishapiga kura wakamaliza, ile karatasi inaenda wapi? Nani anaitekeleza? Hapa kijiweni kuna wanaosema ni ubeberu mtupu na kuna wanaosema bila zile kelele watu wangeozea jela kimya kimya, na wote wanaongea kwa nguvu sawa. Halafu lingine, bunge letu liko hapa hapa mjini mbona sisikii likipitisha azimio kuhusu nchi ya watu? Nawasilisha.

wakili_mtarajiwa amejibu:

Mkuu tenganisha azimio na sheria hapo ndo pa kuanzia. Azimio ni bunge linatoa kauli, basi. Bunge la Ulaya kila likikaa Strasbourg lina nafasi ya mada mpaka tatu za uvunjaji wa haki za binadamu sehemu yoyote duniani, wanajadili muda mfupi wanapiga kura wanaenda kula. Hata ile ya Mei 2025 kuhusu kukamatwa kwa Tundu Lissu ilipita mlango huo huo. Azimio halimlazimishi mtu, si wewe si serikali yoyote.

Ila usiishie hapo ukasema halina maana, maana bunge hilo hilo ndo linatakiwa likubali mikataba ya biashara kabla haijaanza kufanya kazi. Mfano mzuri ni China. Desemba 2020 Ulaya na China walishakubaliana mkataba mkubwa wa uwekezaji, imebaki bunge kuridhia tu. Machi 2021 Ulaya wakaweka vikwazo kwa maofisa wa jimbo la Xinjiang kwa kuwaonea Wauyghur, Waislamu wa huko, China nao wakajibu siku hiyo hiyo, wakawawekea vikwazo mpaka wabunge wenyewe. Mei wabunge wakapiga kura 599 kwa 30 kwamba mkataba haugusiki mpaka vikwazo hivyo viondoke. Umebaki hapo. Kwa hiyo makelele hayana meno lakini sahihi ya mkataba inayo, na mfuko unayo.

Meno mengine ni yale ya kumshika mtu mmoja mmoja badala ya nchi nzima. Kuna Mrusi anaitwa Sergei Magnitsky, mtaalamu wa kodi, alifichua wizi wa hela za serikali akawekwa ndani akafia mahabusu Moscow Novemba 2009. Congress ya Marekani ikatunga sheria kwa jina lake 2012, mhusika akitajwa hapati viza na mali zake zilizoko huko zinafungiwa, na 2016 wakaipanua ikawa ya dunia nzima. Kanada wakatunga ya kwao 2017. Mkubwa anayepeleka watoto kusoma nje na ana nyumba huko hiyo anaiogopa kuliko maazimio 100.

Nyundo_ya_Kondoa amejibu:

Wakili umeongea vizuri ila umeruka pa muhimu, nyani haoni kundule. Mbona wakifika kwa wenye mafuta wanaishiwa pumzi? 2019 hiyo hiyo Congress mabunge yote mawili walipiga kura Marekani iache kuisaidia Saudia kwenye vita ya Yemen, Trump akaweka veto (kura ya turufu), Seneti wakajaribu kuipindua wakapata 53 kwa 45 wakati inatakiwa theluthi mbili. Mchezo ukaisha. Na hao Kanada unaowasifia, Februari 2021 bunge lao lilisema China inafanya mauaji ya kimbari kwa kura 266 kwa sifuri, haya uliza Trudeau, waziri mkuu wao wa wakati huo, na mawaziri wake walipiga kura gani. Hawakupiga!! Walikaa pembeni kama bwana harusi aliyesingiziwa.

Na bomba tunalichomelea sa hivi na mkopo ulipatikana, benki ya Afreximbank wamo. Shemeji yako mwambie asonge mbele.

wakili_mtarajiwa amejibu:

Nyundo sikatai, ila ukitoa mfano wa veto iliyoshinda toa na ya iliyoshindwa. Ron Dellums mbunge wa California alianza kupeleka muswada wa kuibana Afrika Kusini ya makaburu mwaka 1972, unakataliwa anarudi, unakataliwa anarudi. 1986 ndo sheria ikapita, Reagan akaweka veto, wakaipindua 313 kwa 83 bunge la chini na 78 kwa 21 Seneti, tena wengi wa chama chake mwenyewe wakamgeuka. Makaa ya mawe, chuma, urani ya makaburu marufuku kuingia Marekani, uwekezaji mpya marufuku, ndege ya shirika lao hairuhusiwi kutua. Hiyo haikuwa kauli.

Mzee_Kibaigwa amejibu:

Wajukuu zangu, nimewasoma wote. Mimi ni wa huku Kongwa. Huyo mheshimiwa Dellums anaanza 1972 mimi nishamaliza darasa la saba, na vijana wa ANC, wapinzani wa hao makaburu, nimewakuta hapa nikiwa mtoto wa kuchunga. Walianza kuja 1964, wao na FRELIMO, SWAPO, ZAPU, MPLA, wakapewa eneo kule yaliko masalia ya mradi wa karanga wa Mwingereza. Sisi tukiwaita wapigania uhuru basi, hatukujua nani ni wa nchi gani, tulijua nani anapiga mpira. Kuna mmoja kipa, mrefu, alikuwa akidaka kwa mkono mmoja halafu anaushika mpira juu ya vichwa vyetu tunarukia hatufiki, siku moja hatukumuona tena, na kuuliza hatukuuliza maana tulikatazwa na wazazi. Baadhi ya wale wa SWAPO waliotoka hapa ndio walioanzisha mapigano kule kwao Namibia Agosti 1966.

Sasa hesabuni, 1964 mpaka 1986. Miaka 22 ndipo Marekani inakataa makaa ya mawe ya kaburu. Na bunge letu ndilo lililovunja ubalozi na Mwingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, hatukungoja mtu.

Mama_Mizabibu amejibu:

Shikamoo mzee. Naomba nikurekebishe kidogo tu baba usinikasirikie. Aliyevunja ni Mwalimu kama Rais, Bunge alilihutubia tarehe 14 Desemba 1965 pale Dar akaeleza sababu, kesho yake uhusiano ukakatwa. Na tuliumia, Mwingereza aliuzuia mkopo wa pauni milioni 7.5, tumekuja kurudiana 1968.

Kwa hiyo FundiKopi swali lako la pili jibu ndo hilo, kwetu mambo ya nje yamekuwa ya Ikulu toka zamani, Bunge linaridhia mikataba kwa ibara ya 63 na kamati ya NUU (Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama) inapokea taarifa. Sikumbuki limesimama lenyewe kuibana nchi nyingine. Ila kichekesho ni kwamba Oktoba 2023 Tulia Ackson, spika wetu wa wakati huo, alichaguliwa rais wa IPU, umoja wa mabunge ya dunia, na IPU ina kamati ya kutetea wabunge wanaoteswa na kufungwa toka 1976.

Mzee_Kibaigwa amejibu:

Marahaba mama. Nimekubali, umri huo. Lakini mkopo uliozuiliwa naukumbuka, redioni.

FundiKopi_Dom amejibu:

Aisee nimeshiba. Yule dogo karudi leo kubaindi nikamwambia ongeza na ile sheria ya 1986 nakuprintia bure, kaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Mzee wangu shikamoo, nikija Jumapili huko Kongwa kuna cha kuona au pameshakuwa mashamba?

Mzee_Kibaigwa amejibu:

Marahaba mjukuu. Yako makaburi. Uje asubuhi na kofia, jua la huku si la huko mjini, na uniletee hiyo karatasi ya Dellums ila uiprinti kwa herufi kubwa.