Ameniuzia kilti ya akriliki, kisha akaniambia nitafute "vazi la kwenu"

MwanaTanga_Glasgow:

Wanajamvi, salaam. Naandika nikiwa nimesimama kwenye kituo cha basi ambacho si changu, kwa sababu ujumbe nilioupokea leo saa moja na dakika 40 asubuhi umenifanya nishuke njiani kabla ya kufika kazini. Sitamtaja jina muuzaji aliyeuandika. Mnamjua. Ni yule ambaye tangazo lake hujitokeza kila mtu anapofungua simu, lenye mzee wa ndevu nyeupe aliyesimama juu ya jiwe kando ya ziwa, na maandishi yanayoahidi seti kamili ya harusi kwa bei ambayo kila mfuko unaimudu. Hakuna Mswahili kuanzia Aberdeen hadi Dumfries ambaye hajaliona jiwe lile.

Huyo ndiye aliyeniandikia hivi, nami nayageuza maneno yake kwa Kiswahili bila kuongeza wala kupunguza: "Ndugu Mteja, hatujapata lalamiko la namna hii kutoka kwa watu wanaolifahamu vazi hili. Pengine vazi la kwenu lingekufaa zaidi kwa hafla hiyo."

La kwenu.

Mdogo wangu wa kike anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo mjini Stirling. Baba yetu ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi, kaka yake mkubwa, ndiye nitakayemshika mkono na kumkabidhi. Familia ya bwana harusi iliomba wanaume wa pande zote mbili wavae kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti, nami nililipokea ombi hilo kwa moyo mweupe, kwa kuwa waliona haya kuliomba na niliona namna walivyofurahi nilipokubali. Uwezo wa kwenda kwa fundi anayeshona kilti kwa mkono, yadi nane za sufu, sina. Nikatafuta mtandaoni seti ya bei nafuu: kilti, koti fupi la Prince Charlie pamoja na kizibao chake chenye vifungo vitatu, pochi ya manyoya ya kuning'inia mbele, soksi ndefu na tai ya kipepeo, vyote kwa pauni 149. Kwa kuwa sisi hatuna ukoo wa Kiskoti, nilichagua tartani (ile michoro ya mistari na miraba inayotambulisha koo zao) ya Black Watch, ile ya buluu iliyokoza, kijani na nyeusi, ambayo mtu yeyote anaweza kuivaa bila kuulizwa jina la babu yake.

Vipimo vyangu vilichukuliwa na mama yake bwana harusi, mzaliwa wa Perth. Alinisimamisha sebuleni kwake, akanizungushia futi ya fundi usawa wa kitovu, maana kilti hukaa juu kuliko suruali, akapima nyonga, kisha akapiga magoti kwenye zulia na kuishusha futi hadi katikati ya goti langu. Mama mwenye miaka zaidi ya 70 alipiga magoti ili vazi langu lisizidi wala lisipungue hata upana wa kidole. Nilijaribu kumwinua, akakataa, akasema kilti ikipimwa na mtu aliyesimama hutoka vibaya. Vipimo vile ndivyo nilivyovituma, kama alivyoviandika kwa mkono wake.

Kifurushi kilifika Jumatatu. Nilipokifungua, harufu ya plastiki ilijaa chumba hadi nikafungua madirisha, na Glasgow mwezi huu mtu hafungui dirisha kwa kupenda. Koti lina mabega ya kumtosha mlinda mlango na mikono ya kumtosha mtoto wa darasa la pili. Kizibao kilikuja na kifungo kimoja kilichoshonwa, na viwili vimetiwa kwenye mfuko mdogo kama sadaka. Pochi inapukutika manyoya kila mtu anapopita karibu nayo. Yote hayo ningeweza kuyavumilia, kwa sababu mimi ni mtoto wa fundi cherehani, na kifungo hakijapata kunishinda.

Ila kilti yenyewe! Tangazo lilisema sufu na yadi nane. Niliilaza kitandani nikayafungua marinda moja baada ya jingine huku nikipima, na nilipofika mwisho nilikuwa na yadi nne na robo. Marinda hayakushonwa kutoka kiunoni kushuka hadi nyonga kama inavyopaswa. Yamepigwa pasi tu na kushikizwa kwa mshono mmoja juu, hivyo mtu akikaa mara mbili yatakuwa yamelala kama majani ya mgomba yaliyopigwa na upepo. Kwenye kilti iliyoshonwa kwa akili, kila rinda huficha kitambaa kwa kipimo, ili michoro ya nyuma iendelee kana kwamba nguo haikukunjwa. Hii ya kwangu michoro ya nyuma imekatikatika, na mstari mmoja unapanda ilhali mwenzake unashuka. Mahali pa mikanda ya ngozi na bizimu kuna velkro. Nayo inafungukia kushoto, wakati kilti ya mwanamume hufungukia kulia. Na juu ya yote kuna mstari wa njano, ambao haumo kabisa katika Black Watch. Mstari huo ndio unaoitambulisha tartani ya Gordon. Mimi, mtu wa Tanga, ninalijua hilo. Yeye anayeuza halijui.

Bado sikutaka kumdhania vibaya. Nilichomoa uzi mmoja kwenye pindo, nikaushika kwa kibano na kuuwasha kwa kiberiti juu ya sahani, kama marehemu baba alivyonifundisha dukani kwake. Sufu ikiungua hunuka nywele, na majivu yake husagika kati ya vidole. Uzi ule uliyeyuka, ukatoa moshi mweusi, ukadondoka ukawa kijidonge kigumu kama mbegu ya papai: akriliki, uzi wa plastiki. Kijidonge hicho ninacho hapa mfukoni.

Nilimwandikia kwa adabu. Niliambatisha picha 14, nikaeleza upande wa kufungukia, urefu wa kitambaa na ule mstari wa njano. Sikutumia neno moja la ukali. Naye, baada ya kukaa kimya siku tatu, ananijibu kwamba pengine vazi la kwenu lingekufaa zaidi.

La kwenu wapi? Nimeishi hapa miaka 11. Ningekuwa na shida ya kanzu ningekwenda kwa fundi wa kanzu. Mama wa watu alipiga magoti kwenye zulia lake akapima goti langu, halafu mtu asiyejua kulia na kushoto kwa kilti ananiambia kwamba asiyelifahamu vazi ni mimi! Laiti angesema hana fedha za kunirudishia, ningemwelewa. Laiti angesema amekosea mzigo. Anachukua pauni 149 zangu bila kuuliza kwetu ni wapi, na siku ninapodai sufu ndipo anapokumbuka kwamba nina kwetu.

Nimeusoma ujumbe huo mara 20 tangu niliposhuka kwenye basi. Haubadiliki.

BintiPangani:

Pole sana, kaka yangu. Huyo mwenye jiwe lake namjua vizuri. Mume wangu alinunua kwake pochi ya manyoya kwa ajili ya mahafali ya chuo kikuu, na hadi tunarudi nyumbani ilikuwa imebaki ngozi tupu. Manyoya yalizagaa ndani ya gari hadi jirani akatuuliza tumeanza lini kufuga paka. Tulipolalamika, alituandikia kwamba pochi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kutembea nayo.

MzeeWaBaraza:

Nimesoma maelezo yote ya mleta mada na nimemhurumia hadi nilipofika kwenye pauni 149. Ndugu yangu, wewe ni mtoto wa fundi cherehani kwa maneno yako mwenyewe. Yadi nane za sufu nzuri peke yake, bila mkono wa fundi, bila koti wala kizibao, zingekula fedha hizo zote na kukudai nyingine. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, nawe ulikwenda kununua chungu kilichopasuka kwa sababu kilikuwa na picha ya ziwa. Kila mji wa Uskoti una duka la kukodisha kilti za sufu kwa siku za harusi, na maduka ya hisani huwa nazo za mtumba zilizoshonwa zamani kwa mikono. Kwa nini hukwenda huko?

MwanaTanga_Glasgow:

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali kuhusu bei, na nitakwenda kukodi. Lakini hakuniambia kwamba nimelipa kidogo. Angesema hivyo nisingefungua mada hii. Aliniambia "vazi la kwenu".

MsomaSheriaWaUsiku:

Mleta mada, weka hasira pembeni kidogo uzipate fedha zako. Kwa manunuzi ya mtandaoni Uingereza, kanuni za mwaka 2013 zinampa mnunuzi siku 14 tangu mzigo umfikie kughairi bila kutoa sababu. Muuzaji atakukwepa kwa kusema kilti ilishonwa kwa vipimo vyako, kwa kuwa vitu vilivyotengenezwa kwa maelekezo ya mteja havimo humo. Wewe usishindane naye hapo. Sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kukikataa kitu kisicholingana na maelezo yaliyokiuza, hata kama kilishonwa kwa vipimo vyako. Akriliki iliyouzwa kwa jina la sufu hailingani na maelezo. Tena, kama ulilipa kwa kadi ya mkopo, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaiwajibisha benki yako pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei inayozidi pauni 100, nawe uliuziwa seti nzima kwa bei moja. Kama ulitumia kadi ya kawaida, iombe benki irejeshe malipo. Tunza picha za tangazo kabla hajaliondoa, na usikitupe hicho kijidonge.

MwanaTanga_Glasgow:

Nashukuru sana, mkuu. Nililipa kwa kadi ya mkopo, nami nitawaandikia benki leo hii. Hata hivyo, fedha zikirudi, ujumbe ule utakuwa umekwisha kuandikwa.

MwalimuWaHistoria_Mwanza:

Hilo la "kwenu" ndilo lililonifanya niandike. Baada ya vita vya Culloden, ambako waasi wa Kiskoti walishindwa na jeshi la serikali ya Uingereza, sheria ya mwaka 1746 iliwakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa vazi hili, isipokuwa askari, na katazo hilo halikuondolewa hadi 1782. Halafu mwaka 1822 Mfalme George wa Nne, mzaliwa wa London wa ukoo uliotoka Hanover, alikwenda Edinburgh akavaa kilti ya tartani ya Royal Stewart na suruali ya kubana ya rangi ya mwili, na mji mzima ukajitokeza kumpokea. Hakuna aliyemrudisha kwenye vazi la kwao. Mwambie hivyo muuzaji wako.

OmusajjaWaKampala:

Mwalimu amemsahau wa kwetu. Idi Amin alijitangaza kuwa Mfalme wa Uskoti akiwa amekaa hapa Kampala, wala hakulipa pauni 149. Mleta mada analia kwa sababu ya mstari mmoja wa njano. Vaa ulichonunua, ufunge velkro yako vizuri, na usikubali kucheza ile ngoma yao ya kuzungushana.

BintiPangani:

Huo ni ushauri mbaya kabisa. Harusi ya Kiskoti haiishi bila Strip the Willow, na katika ngoma hiyo mtu huzungushwa na ukumbi mzima. Velkro haitafika mwisho wa safu. Kaka yangu, kodi.

KaptenMuscat:

Msinichukulie vibaya, lakini mwenzenu amepata afadhali. Mimi niliagiza mtandaoni kanzu ya Kiomani ya sikukuu, nikalipia na usafiri wa haraka. Kanzu yetu inajulikana: haina ukosi, na shingoni inaning'inia furakha, kile kishada kinachotiwa manukato. Nimeletewa kanzu yenye ukosi mgumu kama wa shati la benki, haina kishada, na mikononi imewekwa matundu ya vifungo vya chuma. Nimekwenda kuswali Idi nikiwa nimevaa vazi la nchi jirani, na mjomba wangu amenitazama tangu takbira ya kwanza hadi salamu.

MzeeWaBaraza:

KaptenMuscat, hiyo yenye ukosi ni ya Kisaudi. Walikubadilishia ghalani.

KaptenMuscat:

Najua ni ya Kisaudi, Mzee. Muuzaji ndiye asiyejua. Aliniambia furakha huuzwa kando, kwa bei ya kanzu ya pili.

BintiPangani:

Kishada kwa bei ya kanzu! Basi mngeona kofia niliyomwagizia baba. Picha ilionyesha kofia ya Lamu iliyotobolewa na kudariziwa kwa mkono, ile ambayo fundi huimaliza kwa miezi. Imekuja yenye matundu ya kuchapwa kwa rangi. Nilipoinyanyua kwenye mwanga sikuona tundu hata moja linalopitisha hewa.

KaptenMuscat:

Matundu ya kuchapwa? Weka picha tuione, dada. Nami naweka ya ukosi wangu.