Wauza GPS za betri, semeni ukweli: kifaa kinalala muda gani?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na nitaisema yote. Pikipiki ya mkataba niliyompa kijana wa mtaani kwetu Mbagala imeibwa usiku, amebakiza marejesho machache tu iwe mali yake. Ilikuwa na GPS ya betri, ile ya sumaku isiyofungwa waya wowote. Niliuziwa kwa ahadi mbili: betri inakaa mwaka mzima, na saa yoyote ukifungua simu unakiona chombo kilipo. Ahadi hizo haziwezi kutimia pamoja kwenye kifaa kile, na aliyeniuzia alilijua hilo wakati anapokea hela yangu.

Betri inakaa mwaka kwa sababu kifaa kinalala. Kinazima redio, kinazima kipokezi cha setilaiti, kinabaki na saa ya ndani inayohesabu muda wa kuamka. Kikiwa usingizini, hata SMS ya kukiamsha haikifikii. Inasubiri mpaka kiamke chenyewe. Na mtandao haujui kiko wapi. Hata simu yako ikiwa imetulia mfukoni bila kazi, mtandao haufuatilii iko chini ya mnara upi. Unajua eneo lenye kundi la minara tu, na unapopigiwa ndipo minara ya eneo hilo inaiita mpaka ijibu. Kwa hiyo waliponiambia "bosi, mtandao ulikuwa chini," walinidanganya. Kifaa kilikuwa kimelazwa, na aliyekilaza ni fundi wao.

Fundi mwingine wa Kariakoo alinifungulia mipangilio kwenye akaunti yangu. Kuamka: kila baada ya saa 12. Kihisi cha mtikisiko: kimezimwa. Kihisi hicho kinakula umeme kidogo mno, na kazi yake ni hiyo moja, kukiamsha kifaa chombo kikisogezwa. Nilipowauliza kwa nini wamekizima, jibu lao ni kwamba wateja hulalamika betri inaisha mapema. Ni kweli itaisha mapema, bodaboda inatikisika kutwa nzima! Basi kiwashwe kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, pikipiki inapokuwa imelala uani. Au niambieni wazi kwamba bodaboda inahitaji kifaa cha waya kinachokula betri ya pikipiki, na hiki cha sumaku kiwe cha akiba. Ningelipia vyote viwili. Hamkunipa nafasi ya kuchagua.

Sasa njooni kwenye lililonitia uchungu zaidi. Kifaa kilipoamka kilikuwa ndani ya jengo. Setilaiti za GPS ziko juu yetu takriban kilomita 20,200, mawimbi yake yanafika yakiwa dhaifu sana, na bati linayazuia. Isitoshe, kifaa kilicholala muda mrefu kinakuwa na taarifa za zamani za njia za setilaiti. Kuzipokea upya angani kunahitaji kama sekunde 30 za kusikia vizuri, maana zinatumwa biti 50 tu kwa sekunde. Kilijaribu, kikakosa, kikatuma namba ya mnara kikarudi kulala. Mpaka hapo sikilaumu. Wa kulaumiwa ni hao wenye programu, waliochukua mahali ulipo mnara wakaweka alama nyekundu ileile ya GPS, bila duara la kuonyesha ukubwa wa eneo, bila neno lolote kwamba hii ni makadirio.

Mnara mmoja wa 2G unaweza kuhudumia kifaa kilicho mbali hadi kilomita 35. Mjini ni karibu zaidi, lakini hata ukipima muda wa mawimbi kwenda na kurudi, hatua moja ya kipimo hicho ni kama mita 550. Ni mitaa mingapi ya Temeke hiyo?

Vijana wa kijiwe waliifuata alama ile hadi kwenye yadi ya watu. Walikuta pikipiki inayofanana, na mwenye nayo akaanza kuitwa mwizi. Mnajua neno hilo likishapigwa mtaani linafuatiwa na nini. Mzee mmoja wa pale alisimama mlangoni akakataa mtu kuguswa mpaka namba ya fremu isomwe. Haikuwa yetu. Yule kaka angeumizwa, pengine kuuawa, kwa sababu ya nukta iliyochorwa kwa uzembe. Hili silisamehi.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vizuri zaidi. Viwango vya 5G vya toleo la 17, mwaka 2022, viliruhusu kifaa kilichotulia kupimwa mahali kilipo bila kurudishwa kwanza kwenye muunganisho kamili, na toleo la 18 likalenga vifaa vya viwandani vyenye betri ya miezi 6 hadi 12 na usahihi wa chini ya mita 1. Cha kwangu ni cha 2G, sidai hayo. Ila hata 2G inasikia minara jirani. Kutuma namba za minara kadhaa na nguvu ya kila mmoja ni ujumbe mfupi tu, na eneo la kutafuta linapungua sana.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Tangazo lao ninalo, risiti ninayo, picha za mipangilio ninazo. Napeleka Tume ya Ushindani. Wameshajitolea kunibadilishia kifaa, sikitaki. Nataka hela yangu na nataka alama za mnara zitenganishwe na alama za GPS kwa wateja wao wote.

Mwenye GPS ya sumaku, fungua mipangilio yako leo uangalie muda wa kuamka na kihisi cha mtikisiko, kisha uweke hapa ulichokikuta. Picha tu, funika namba ya kifaa.