Wameniita mwizi mbele ya mtoto wangu, kisha wakanipa vocha ya shilingi 500

Wadau, tangu Jumamosi sijalala vizuri na hasira haijanitoka, kwa hivyo mnivumilie.

Jumamosi jioni nilipitia supamaketi moja kubwa hapa Nairobi na binti yangu wa miaka tisa. Unga, maziwa, sabuni, mafuta ya kupikia. Nikapiga foleni, nikalipa kwa simu, nikapewa risiti. Mlangoni askari akachungulia mkoba wangu, akatoa chupa ya mafuta ya kujipaka niliyoinunua duka la dawa saa moja kabla. "Mama, hii hujalipia." Nikamwambia, kijana wangu, nimeinunua kwingine, ujumbe wa malipo huu hapa kwa simu, soma. Hakusoma. Akapaza sauti hadi foleni zote zikageuka: "Huyu ameiba!"

Tukapelekwa stoo ya nyuma, mlango ukafungwa. Zaidi ya saa mbili. Simu wakachukua. Askari mwanamume akanipapasa mifukoni mbele ya mtoto. Mwingine akanipiga picha nimeshikishwa ile chupa, akasema inaenda kwenye grupu la WhatsApp la matawi yao yote, na nyingine itabandikwa mlangoni pale wanapoweka sura za wezi. Halafu meneja akaja na karatasi: nikiri nimeiba, nilipe mara kumi ya bei, "tuyamalize hapa Madam, usilale seli na mtoto." Binti yangu akaniuliza polepole, "Mama, ulisahau kulipa?" Hilo swali ndilo linaloniamsha usiku.

Sikutia sahihi. Mwishowe msichana wa kaunta aliitwa akaipitisha chupa kwenye mashine. Mashine haikuitambua, kwa sababu bidhaa hiyo hawaiuzi kabisa! Hawajawahi kuiweka kwenye rafu zao! Stoo nzima ikawa kimya. Ndipo nikaambiwa "pole kwa usumbufu" na kupewa vocha ya shilingi 500. Nimeiacha pale pale mezani.

Dada yangu ananiambia nimwachie Mungu, askari alikuwa anafanya kazi yake. Hapana. Nimekaa na wakili Jumatatu, na nataka kila anayenunua unga nchi hii alijue nililoambiwa. Polisi anaweza kukukamata kwa kukushuku tu, ilimradi shuku yake ina msingi. Askari wa mlangoni si polisi. Yeye ni raia kama wewe, na kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa akimwona kwa macho yake, au anayemshuku kwa haki kuwa ametenda kosa kubwa kama wizi, mradi kosa hilo lilitendeka kweli. Hayo maneno ya mwisho yashikeni. Kama hakuna kilichoibwa, shuku yake haimkingi. Sheria imeuweka mzigo wa kukosea juu yake na waliomtuma, si juu yangu mimi niliyefungiwa stoo.

Na hata angekuwa amemkamata mwizi wa kweli, kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hakuna mahali pameandikwa stoo, wala kulipa mara kumi. Kumfungia mtu isivyo halali ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 263, hadi mwaka mmoja gerezani au faini. Mwanamke hukaguliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha, hiyo ni kifungu cha 27 cha ile Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Utu wangu unalindwa na ibara ya 28 ya Katiba, na ibara ya 20 inasema haki hizo zinambana kila mtu, si serikali peke yake.

Sasa kesi ya madai. Ya kuzuiliwa isivyo halali una miaka mitatu ya kuifungua. Lakini ya kuharibiwa jina una miezi kumi na miwili tu, ikipita umekwisha. Wengi hulia mwaka mzima halafu ndio wanatafuta wakili. Kumwita mtu mwizi mbele za watu ni kashfa ambayo hulazimiki kuonyesha umepoteza shilingi ngapi, kwa kuwa umesingiziwa kosa la kufungwa. Msikimbilie Mahakama ya Madai Madogo, kesi za kashfa haizipokei, wala za mashtaka ya hila, yaani kupelekwa kortini kwa nia mbaya bila sababu ya maana. Mtaenda kwa hakimu wa kawaida. Meneja ameshaanza kuniambia walinzi ni wa kampuni nyingine, nikawalalamikie huko. Tunawashtaki wote wawili, watajuana mbele.

Wale ambao yenu yalifika hadi kortini mkaachiliwa, mna dai la mashtaka ya hila, ila kuachiliwa peke yake hakutoshi. Lazima uonyeshe hawakuwa na sababu ya maana na kwamba walikuwa na nia mbaya. Hiyo ni ngumu, wakili hakunificha.

Ile picha imeniuma kuliko yote. Nimeandika malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa siku 90 kuyamaliza, na anaweza kuamuru ulipwe fidia. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza klabu moja ya burudani hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Mteja aliyekuwa anajiburudisha tu! Mimi nimepigwa picha ya mwizi.

Kituoni Jumapili, afisa wa zamu aliniambia haya ni mambo ya kuongea na kuelewana. Nilikaa kwenye benchi hadi nikaandikiwa namba ya OB, kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Msiondoke bila hiyo namba. Na siku hiyo hiyo andikeni barua kudai kanda za kamera zihifadhiwe, kwa maana baada ya muda hurekodiwa juu yake. Yangu imepokelewa na kugongwa muhuri, nakala ninayo.

Ninachohitaji sasa ni mashahidi. Ulikuwa kwenye foleni Jumamosi, mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni, ukamsikia askari akimpigia kelele mama mwenye kitambaa cha kijani na mtoto wa sare ya skauti? Nitumie ujumbe wa faragha. Yule mzee aliyesema "mwacheni mama aonyeshe risiti", nakutafuta wewe hasa.