Wali umeungua, sufuria zimekwamana, maziwa yamefurika: kipi kifanyike kwanza?

Mpishi_Mpya

Habari za jioni wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nauliza kuhusu yale mambo ya jikoni ambayo yakitokea kwa jirani unacheka mpaka machozi, yakitokea kwako wageni wameshakaa mkekani. Naomba majibu ya mtu anayejua sababu, maana ushauri unaozunguka unapingana: huyu anasema weka kitunguu, yule kiazi, mwingine magadi.

Wali wa nazi ukiungua chini, unaokolewaje usinuke moshi? Sufuria yenyewe inasafishwaje bila kuharibika? Sufuria mbili zikiingiana zikagoma kutoka, kuna njia nyingine zaidi ya watu wawili kuvutana huku na huku hadi mmoja anaanguka chali? Na maziwa yakifurika kwenye jiko la gesi, kipi kinaanza?

Bi_Mkubwa_Pwani

Marahaba mwanangu. Nianze na wali, maana huo ndio unaosubiriwa.

Ukisikia harufu, usikoroge. Hapo ndipo wengi wanapoumaliza wali wao. Kilichoungua ni tabaka jembamba la chini. Mwiko ukifika huko, moshi unasambaa sufuria nzima. Epua, funua mfuniko mvuke utoke, kwa sababu mvuke huo uliofungiwa ndio unaobeba harufu na kuipandisha kwenye punje za juu. Kisha chota wali wa juu taratibu kwa kijiko kipana, uuhamishie kwenye sufuria nyingine safi, ukiacha kama sentimita 2 za chini. Usikwangue, hata kama unauona huo wa chini bado mweupe. Onja mahali pawili patatu kabla hujaamua.

Kitunguu kina kazi yake, ila watu wanakipa sifa kupita uwezo wake. Kata kitunguu maji kimoja vipande vinne, vipange juu ya wali uliohamishwa, funika dakika 10, kisha vitoe. Kipande cha mkate nacho hufaa. Hivyo hupunguza harufu inayoelea kwenye mvuke. Ladha iliyokwisha kuingia ndani ya punje haitoki, na wali uliogeuka kahawia tayari hakuna kitunguu kitakachourudisha.

Sasa sababu. Maji yakiwapo chini ya sufuria, joto la pale haliachani sana na nyuzi 100. Yakikauka, joto hupanda kwa dakika chache tu na wanga huanza kubadilika rangi. Wali wa nazi huwahi zaidi kwa kuwa tui zito lina mafuta, protini na sukari kidogo, na hivyo ndivyo vinavyoshika chini. Kwa hiyo usilimimine tui zito mwanzoni. Kwa nusu kilo ya mchele na nazi moja kubwa, chemsha tui jepesi na chumvi, tia mchele, uache moto wa wastani. Tui likikaribia kukauka ndipo umimine lile zito, geuza mara moja, kisha palia: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, dakika 15 hadi 20. Mwenye gesi hana makaa ya juu, basi ashushe moto hadi mwisho na aweke kikaango kizito cha chapati kati ya moto na sufuria. Sufuria nyembamba ikikaa juu ya gesi moja kwa moja hupata moto wa duara, na wali wako utaungua kwa duara hilohilo. Ukiutazama ukoko utaliona duara limejichora.

Na ukoko wenyewe usiutupe bila kuutazama. Wa rangi ya dhahabu hadi kahawia ni mtamu, watoto wataugombania. Mweusi ndio wa kutupa.

Fundi_Vyombo

Naunga mkono hayo ya Bi Mkubwa. Mimi nije kwenye sufuria.

Kabla hujasugua, ijue sufuria yako ni ya nini. Wengi wanachemsha magadi kwenye kila chombo, halafu wanashangaa sufuria imetoka jikoni imepauka na kuwa ya kijivu. Sufuria nyingi za majumbani kwetu ni za alumini: nyepesi, sumaku haizishiki. Alumini ina utando mwembamba juu yake unaoikinga, na magadi huula utando huo. Dawa yake ni uchachu. Maji lita 1, ukwaju kiasi cha ngumi ya mtoto au ndimu tatu zilizokamuliwa ukatia na maganda yake, chemsha dakika 10 hadi 15, zima, uache humohumo hadi papoe kabisa. Weusi ukishalainika, ukwangue kwa mwiko wa mti. Ukibaki, rudia kuchemsha badala ya kuongeza nguvu za mkono. Waya wa chuma uje mwisho, na kwa wepesi, la sivyo unachimba mifereji ambayo chakula kijacho kitashika palepale.

Chombo cha chuma cha pua ni kinyume chake. Hapo baking soda inafaa: vijiko vikubwa viwili kwenye vikombe viwili vya maji, chemsha dakika 10, acha usiku kucha. Vyombo vya enameli, yale masufuria yenye maua, navyo vinakubali baking soda ila vina masharti mawili: visimwagiwe maji baridi vikiwa vya moto, maana ngozi ya juu hupasuka na kubanduka, na visiguswe na waya kabisa.

Jambo moja ningeomba lisomwe mara mbili. Usichanganye jiki na ndimu, siki au ukwaju ukidhani unaongeza makali. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na jikoni kudogo kusiko na dirisha gesi hiyo inaumiza mapafu. Tena jiki yenyewe inakula alumini na kuacha vitundu. Haina kazi kwenye sufuria.

Mwalimu_Vipimo

Za sufuria kukwamana. Hizi zetu hazina mikono na zimetengenezwa ziingiane, kwa hiyo kukwamana ni jambo la kutarajia, hasa zikipangwa zikiwa bado za moto na zina maji. Hewa iliyobaki katikati ikipoa inasinyaa, maji yanaziba ukingo kama gundi, na hewa ya nje inazikandamiza pamoja. Ndiyo maana watu wawili wenye nguvu zao wanashindwa: hawavutani na sufuria tu, wanavutana na hewa.

Usigonge ukingo kwa mchi wala nyundo. Ukingo ukibonyea, ile ya ndani imeshikwa na meno na kazi imekuwa ngumu mara mbili. Fanya hivi: dondoshea mafuta ya kupikia kuzunguka pale zinapokutana, yape dakika tano yashuke. Jaza ile ya ndani maji baridi hadi nusu, na barafu kama ipo. Ile ya nje iweke kwenye beseni la maji ya moto ambayo mkono hauwezi kuvumilia lakini hayachemki, yafike chini kidogo ya ukingo bila kuingia katikati. Subiri dakika tatu hadi tano. Kisha mmoja ashike ya nje kwa kitambaa, mwingine azungushe ya ndani kama anafungua mfuniko wa chupa. Kuzungusha, si kuvuta.

Inafanya kazi kwa sababu alumini hutanuka sana ikilinganishwa na chuma. Sufuria yenye kipenyo cha sentimita 25, ikipanda joto kwa nyuzi 60 kuliko mwenzake, hutanuka kama theluthi moja ya milimita. Kwa macho mtu haioni, lakini nafasi hiyo inatosha.

Kamwe usiziweke juu ya moto zikiwa zimeshikana. Maji yaliyonaswa katikati yakigeuka mvuke, ile ya ndani inaweza kuruka kwa nguvu usoni kwa mtu.

Mpishi_Mpya

Asanteni sana, Mungu awazidishie. Mwalimu, na bilauri za kioo zikiingiana? Na bado nasubiri la maziwa. Nyongeza moja: mchuzi ukizidi chumvi, ni kweli kiazi kinaivuta?

Mwalimu_Vipimo

Bilauri njia ni ileile, ila maji yawe ya uvuguvugu tu. Kioo hakipendi mabadiliko ya ghafla, kitapasuka mkononi. Barafu usiitie. Mafuta kwanza, subira, kisha uzungushe ukiwa umevaa kitambaa kizito.

Baba_Gesi

Maziwa hufurika kwa sababu yakipata joto protini na mafuta hufanya utando juu. Mvuke unaotoka chini unakwama chini ya utando, unauinua wote kwa pamoja, na ndiyo maana yanatulia muda mrefu kisha yanapanda kwa sekunde chache, hasa ukigeuza kichwa. Tumia sufuria ambayo maziwa hayafiki nusu yake, moto mdogo, koroga mara kwa mara. Mwiko wa mti uliolazwa juu ya mdomo wa sufuria husaidia kupasua mapovu ya mwanzo, lakini moto ukiwa mkubwa yataupita mwiko na kuendelea na safari. Isuuze sufuria kwa maji baridi kabla ya kumimina maziwa, usiikaushe; hayatashika sana chini.

Yakishamwagika, watu hukimbilia kitambaa. Kwanza zima kitasa cha jiko. Maziwa huzima moto lakini gesi inaendelea kutoka, na kwa kuwa kila mtu anashughulika na sakafu, hakuna anayesikia harufu kwa sababu ya maziwa yaliyoungua. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Kama imetoka kwa muda, funga na regyuleta, fungua mlango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usipige kiberiti mpaka harufu iishe.

Jiko likipoa, toa kile kifuniko cha kichomeo na pete yake, loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni dakika 20, zibua kila tundu kwa pini au sindano. Kijiti cha meno usitumie, kinakatikia ndani. Kausha kabisa kabla ya kurudisha. Moto ukiwaka wa buluu tulivu, umemaliza. Ukiwa na ncha za njano na sufuria zinaanza kupata masizi, bado kuna tundu limeziba au kifuniko hakijakaa sawa kwenye pete yake.

Bi_Mkubwa_Pwani

La kiazi nijibu mimi. Kiazi hakichagui chumvi, mwanangu. Kinanyonya mchuzi kama ulivyo, maji na chumvi yake, na kile kinachobaki kwenye sufuria kina ukali uleule. Kinachopunguza ni kuongeza kisicho na chumvi. Mchuzi lita 1 ukiongezewa nusu lita ya tui jepesi au nyanya zilizosagwa bila chumvi, ukali unapungua kwa theluthi. Kama umekuwa mwingi mno kwa sufuria, gawa kabla hujaongeza, nusu uitunze ya kesho. Viazi tia ukipenda, ila viwe vingi na viliwe kama chakula, na maji yaongezwe navyo. Wali wa kuulia mchuzi huo upikwe bila chumvi kabisa.