Ushauri: Nimwombe babu yangu aigize kifo?

Kamera_ya_Same

Wakuu, habari za mchana.

Mimi ni kijana wa Same, Upare wa Kusini. Kazi yangu ni kupiga picha za video kwenye harusi na sendofu, na nimejikusanyia vijisenti vya kutengeneza filamu yangu ya kwanza, ya saa moja na kidogo. Ni hadithi ya mzee anayeishi peke yake mlimani, wanawe wote wameshuka Dar. Kinachompangia wiki ni zamu yake ya maji ya ndiva. Kwa msioijua: ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Usiku kijito kinalijaza, asubuhi tundu linazibuliwa, maji yanafuata mfereji hadi shambani kwa mwenye zamu. Ukilala, zamu imekupita. Basi filamu nzima ni mzee na maji yake. Hakuna mapenzi, hakuna mchawi, hakuna tajiri wa kumpora shamba. Muziki pia sijaweka.

Mwigizaji ni babu mzaa mama, miaka 81. Mwezi uliopita nilimjaribu, nikamwambia tu, "Babu, noa jembe." Akanoa dakika nne nzima bila kuitupia kamera jicho. Vijana wangu wa mjini hawamalizi dakika moja bila kujishika nywele.

Shida ni mwisho. Kwenye skripti mzee amelala kitandani, kafunikwa shuka hadi usoni, nje maji yanapita. Mama mdogo kaisoma (nilimpa mwenyewe, ujinga wangu), akanipigia usiku: "Unamchuria baba yangu!" Mama yangu mzazi kanyamaza, na kwa wanaomjua, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Huku rafiki aliyeahidi kunichangia naye anataka kifo kiwe na kilio cha kutosha, maana kwa ukimya ule watu watadhani simu zao zimekwama.

Babu hajaambiwa bado. Nimwombe, au nitafute mzee mwingine wa kulala pale?

Kisiki

Mzee mwingine naye ni babu wa mtu.

Mama wa Barazani

Mwanangu, mama yako mdogo hajakosea. Kwetu Tanga ukimfunika mtu mzima shuka la uso akiwa hai, hata kwa mzaha, utaambiwa ukae chini uombe radhi. Sisemi kwamba shuka linaua. Ila babu ana miaka 81, siku yake itafika kama za wote, na msibani kuna mtu ataitaja hiyo filamu yako. Hata kama ni miaka kumi baadaye. Utaweza kukaa kwenye mkeka ule?

Fundi_Sauti

Nyie mnaogopa kifo, mimi naogopa bati. Ukipiga hiyo kazi wakati wa masika, mvua ikishuka juu ya bati la babu, sauti ya siku nzima imekwenda na maji. Filamu isiyo na muziki inabebwa na sauti, kwa hiyo urekodi mfereji peke yake: alfajiri, mchana, ukiwa umejaa na ukiwa unakauka. Jembe pia. Na kikohozi cha babu, usikifute.

Mzee wa umri huo fanya naye kazi asubuhi tu, saa moja hadi saa nne, kisha uji na kupumzika. Usimrudishe mara tano kwenye tukio moja, mara ya kwanza ndiyo yenyewe. Mlipe kama mwigizaji yeyote, usijifiche nyuma ya ujukuu. Na kibali cha Bodi ya Filamu ukianze mapema, mtendaji wa kijiji naye apate taarifa, asije akakusimamisha siku ambayo mwanga umekubali.

Mla_Sinema

Tafuta filamu ya Lesotho ya 2019 ya Lemohang Jeremiah Mosese. Bibi wa miaka 80 anafiwa na mwanawe aliyekuwa mchimba madini Afrika Kusini, hana mtu tena, anaanza kujiandalia maziko yake. Mara serikali inataka kijiji kihame ili lijengwe bwawa, makaburi yote yaingie majini. Imejaa kifo kuanzia mwanzo, ila hatumwoni bibi akizikwa. Mary Twala anaibeba kwa uso tu.

Na ile ya David Lynch ya 1999, ya mzee wa Marekani anayepanda mashine ya kukatia nyasi kutoka Iowa hadi Wisconsin kumwona kaka yake aliyepata kiharusi, maana wamekosana miaka. Kisa cha kweli, safari yenyewe ilifanyika 1994. Wanaishia kukaa barazani. Maneno machache, machozi kidogo, basi. Hakuna anayekufa na hutoki pale ulivyoingia. Rafiki yako wa kilio mwonyeshe hiyo.

Kisiki

Mary Twala si alifariki Julai 2020?

Mla_Sinema

Alikuwa na miaka 80, Kisiki. Acha hizo.

Kisiki

Nimeuliza tu.

Dada_Mwanga

Itakuwa kwa Chasu, yaani Kipare, au Kiswahili? Kwa Kiswahili cha taarifa ya habari utamuua mzee hata bila shuka.

Kamera_ya_Same

Dada, babu huongea Chasu na mbuzi, majirani na waliotangulia. Kiswahili anamwekea mtendaji. Itabaki hivyohivyo, maandishi chini.

Sasa mrejesho. Jana nilipanda, nikamsimulia hadithi yote hadi kitandani. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza:

"Siku hiyo zamu ya maji ni ya nani?"

Yako, babu.

"Nani kayapokea?"

Hakuna.

Akanitazama kama nimevunja chungu. "Mjukuu wangu, maji yasipopokelewa yanabomoa matuta, yanaingia kwa jirani. Jirani angekuwa mlangoni kwangu kabla ya saa mbili, ananitukana. Wewe umenilaza maiti mpaka mchana na hakuna aliyekuja kuuliza? Umetuandika kama watu wa mjini."

Wakuu, miezi minane naandika ile skripti.

Kulala atalala, lakini ameelekea ukutani, shuka mabegani, kama anavyolala siku zote. Jirani anafika akiwa amekasirika, anaita mara mbili, ananyamaza, anachukua jembe la babu na kwenda kuyageuza maji. Inakatikia hapo. Ametoa sharti moja: jirani aigizwe na rafiki yake wa ng'ambo ya mfereji, maana huyu wa karibu anamdai.

Fundi_Sauti

Mwezi gani? Nije na vinasa sauti viwili, nipe nauli na pa kulala.

Mama wa Barazani

Na mama yako mdogo umemwambia haya?

Kamera_ya_Same

Hapokei simu, mama. Jumamosi nakwenda kwake mwenyewe.

Mama wa Barazani

Nenda na babu.