Leseni za maudhui mtandaoni zimeua blogu za mikoani, wenye hela wamebaki peke yao

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu leo naomba nilitoe. Kila nikisikia mtu kasimama kwenye semina anasema habari za mtandaoni Tanzania zina ushindani mkubwa, damu inachemka. Ushindani wa nani na nani?

Turudi 2018. Zilivyotoka zile Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni mwenye blogu akaambiwa alipe 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni na 1,000,000 nyingine ya mwaka, yaani milioni mbili na ushee kabla hujaandika hata mstari mmoja!! Ukiendelea bila leseni, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12 au vyote kwa pamoja. Kampuni yenye redio, TV na magazeti mhasibu anasaini, kazi inaendelea. Dogo wa wilayani mwenye simu moja na maiki ya kubana shatini anaitoa wapi?

Na fomu yenyewe sasa. TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, walitaka wenye hisa, mtaji, uraia wa wamiliki, sifa za wafanyakazi na mpango wa kuwapa mafunzo, na cheti cha kodi cha TRA juu. Wafanyakazi gani jamani? Mwandishi mimi, mpiga picha mimi, mhariri mimi, na pikipiki ya kwenda kwenye tukio naendesha mwenyewe.

Tulikuwa tunaandika vitu ambavyo hakuna gari la kampuni kubwa litafunga safari kuvifuata, zahanati haina dawa, daraja limeondoka na mvua, diwani anaulizwa hela za choo cha shule ziko wapi anaanza kufoka. Mahakama Kuu Mtwara iliweka zuio la kanuni hizo Mei 2018, mwezi huohuo likaondolewa, tukapewa mwisho wa kuomba leseni 15 Juni. Tukazima. Mteja wetu wa matangazo, mzee mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi, akanipigia, "mwanangu nawapenda ila siwezi kumlipa mtu asiye na leseni, nitaitwa nijieleze." Tangazo akalipeleka kwenye TV ya mtandaoni ya mjini, na hapo ndo ushindani ulipoishia.

Najua mtasema ada zimeshapunguzwa. Kweli zimepunguzwa, ila aliyefunga 2018 anarudi kufanya nini wakati wasomaji wameshahama na matangazo yameshahama?

Halafu mkubwa hata akiguswa hafi. Oktoba 2024 TCRA walisimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications siku 30, nililaani na bado nalaani, haikuwa haki hata kidogo. Lakini magazeti yao yaliendelea kutoka. Mwenye blogu peke yake akizimiwa siku 30 kaisha.

Na asije mtu hapa na hoja ya kuzuia uongo na matusi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo toka 2015, inamkamata mwenye leseni na asiye nayo, sasa ile milioni ilikuwa ya nini kama sio kuchuja maskini? Anayeandika habari za kwao ajiandikishe bure, jina na namba ya simu basi, akikosea apelekwe mahakamani kama raia yeyote.

Aliyefunga blogu 2018 aseme alikuwa wilaya gani na nani anaripoti habari za huko sasa hivi. Kwetu hakuna mtu, na halmashauri wanalijua hilo vizuri sana.